Upana wa Jeneza na Wachukuzi Wawili

Kila Jumapili watu walipotoka kanisani, Bethia Lorimer alisimama kando ya lango la makaburi akahesabu vichwa. Hakuhesabu kwa kidole, maana mchungaji asingependa, bali kwa midomo, taratibu, kama mtu anayesali peke yake. Alianza na wa kwake, akaendelea na wa jirani, na hata watoto wa watu asiowapenda aliwahesabu. Wanawake wa Corran ya Chini walishamzoea. Wapo waliomtania, "Bethia, leo tumetimia?" naye hujibu, "Tumetimia," ingawa kwa hesabu yake mwenyewe, kwa miaka kumi na tisa, hawakuwahi kutimia.

Aliyepungua ni Bethia mdogo. Alikuwa binti wa tatu, na binti wa tatu hupewa jina la mama yake, ndivyo walivyozoea. Basi palikuwa na akina Bethia wawili chini ya paa moja: mama, Bethia Lorimer, kwa jina la baba yake aliyemzaa, na mtoto, Bethia Haldane, kwa jina la Ninian Haldane mfumaji, mume wa Bethia. Kwao mwanamke akiolewa haachi jina alilozaliwa nalo. Huhama nyumba, huhama kiti cha kanisani, lakini hufa na jina lake.

Kutoka kijijini kwenda kanisani kulikuwa na njia mbili. Njia ya juu ilipita mgongoni mwa kilima, katikati ya mashamba ya Bwana wa Pitcorran, ikashukia mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa kavu mwaka mzima. Njia ya chini ilivuka mto Corran juu ya mawe tisa, na mvua ikinyesha milimani mawe yale yalizama, mtu akayatafuta kwa unyayo. Majira fulani ya baridi Pitcorran mzee alipanda miche ya misonobari kilimani, akaifunga njia ya juu ili watu wasiikanyage. Kubaki nyumbani hakukuwezekana. Wazee wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba kuandika nani amekosa ibada, na aliyekosa aliketishwa kwenye kigoda mbele ya waumini wote, aonekane. Kwa hiyo watu wakavuka.

Jumapili moja Bethia alikuwa amembeba mgongoni kitinda mimba wake, Marjory, wa miaka mitatu. Bethia mdogo, wa miaka saba, alishika upindo wa shuka la sufu la mama yake. Kwenye jiwe la sita upindo ulilegea. Ni hivyo tu. Hakukuwa na kelele. Mama alipogeuka aliona maji.

Juma lile lile Pitcorran mzee aling'oa miche yake kwa mikono yake akaifungua njia ya juu, bila kumwambia mtu neno. Hakuandika kitu, na hakuna aliyemwomba aandike. Aibu yake ndiyo iliyokuwa hati.

Lakini aibu hairithiwi kama shamba. Mzee alikufa, Ninian naye akamfuata, akaja Pitcorran kijana, mtu wa kusoma, aliyetaka kondoo wengi na ukuta wa mawe kuzunguka kilima kizima. Tangazo likabandikwa mlangoni mwa kanisa: Bwana wa Pitcorran analiomba Bunge huko Edinburgh limruhusu kuifunga njia ya juu daima, na watu wote watumie ya chini. Bethia hakuwa msomaji mzuri, lakini neno "daima" alilijua. Alilisoma mara mbili, kisha akamtazama Marjory, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na tumbo lake lilikuwa limemtangulia. Mtoto angezaliwa Januari, na mtoto hubatizwa Jumapili ya kwanza baada ya kuzaliwa, mbele ya kanisa lote, mvua isimame isisimame.

Wanaume walikutana kwa mhunzi, wakatazama moto.

"Sote tunakula shambani kwake, Bethia," mhunzi alisema. "Nikifungua mdomo, siku ya wapangaji kuhama ikifika nitakuwa barabarani na nyundo yangu."

"Nani amekuomba ufungue mdomo? Nimekuja kuazima farasi."

"Farasi huyu ana macho mabovu."

"Mimi ninayo mazuri. Tutagawana."

Yeye peke yake hakuwa mpangaji wa Pitcorran. Nyumba na bustani aliachiwa na baba yake, mzee Lorimer, na karatasi yake ilikuwa sandukuni chini ya nguo za maziko. Ndiyo maana ilibidi aende yeye, wala si kwa ushujaa. Bethia alikuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa moto wa jikoni, visima visivyofunikwa, na kikohozi cha mtoto wa mwenzake. Usiku wa kuamkia safari aliamka mara tatu kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, kisha akaamka mara ya nne kuhakikisha kwamba ukitaka kufunguka utafunguka.

"Mama, na nikishikwa na uchungu haupo?" Marjory alimuuliza asubuhi.

"Bado miezi miwili."

"Na kama umekosea hesabu?"

"Sijawahi kukosea hesabu, mwanangu."

Alifuatana na Mwalimu Mungo Tweedie, mwandishi wa hati wa parokia, mzee mwembamba aliyekohoa kabla ya kila sentensi kana kwamba anaisafishia njia. Barabara nzima alimfundisha. "Bunge halisikii kilio, mama. Linasikia karatasi. Ombi la Pitcorran likisomwa, wataulizwa wenye pingamizi. Jina lako litaitwa mara tatu. Itika, nenda mpaka kwenye boriti inayowazuia watu wasiwafikie mabwana, sema unapinga, mtie karani sarafu ya fedha mkononi, omba iandikwe. Akiipokea sarafu, umeandikwa. Asipoipokea, umepiga kelele tu."

"Na nisipoitika?"

"Wataandika kwamba hukuwapo. Fimbo ya mfalme ikishagusa karatasi, hata ulie damu."

Sarafu aliishona kwenye upindo wa shuka lake.

Edinburgh walipanga kwa binamu ya Mungo, ghorofa ya sita, ngazi za mawe zilizolika katikati kama vijiko. Kila asubuhi saa tatu kengele ililia, na Bethia akateremka kwenda kusimama nyuma ya boriti, mwisho wa ukumbi, pamoja na wote waliokuwa na neno la kusemewa.

Alikuwa amedhani watu wale hukaa wakiamua vita na falme. Mbele kabisa aliketi Mwakilishi wa Mfalme katika kiti cha juu, na mezani mbele yake palilazwa taji, upanga na fimbo ya kifalme. Kulia na kushoto maaskofu, makabaila, wenye mashamba, na wafanyabiashara waliotumwa na miji yao. Walianza kwa sala. Kisha majina yaliitwa, asiyekuwapo akaandikiwa faini. Kisha, siku ya kwanza, makabaila wawili wakagombania nani akae mbele ya mwenzake, na asubuhi yote ikaishia hapo. Siku ya pili ilisomwa karatasi ya mji uliotaka gulio la mara moja kwa mwaka. Mwingine ulitaka daraja lake lijengwe upya kabla halijaua mtu. Bethia aliposikia lile la daraja alikaza macho kumtafuta aliyelileta, akamwona: mzee mwenye koti la kuazima, kofia imekunjwa mkononi. Tangu hapo hakusikiliza tena karatasi bila kumtafuta mtu wake. Kila karatasi ilikuwa na mtu wake nyuma ya boriti, amekesha.

Karatasi zilizokubaliwa zilipelekwa mezani kwa mafungu. Mwakilishi wa Mfalme aliinua fimbo akazigusa, mara moja, kwa wepesi, kama mpishi anayegusa chungu kuona kama kimepoa. Hapo zikawa sheria. Bethia aliuchukia wepesi ule.

Mlinda mlango, Rob Kinnell, mtu mnene mwenye sauti ya ng'ombe, alimzoea.

"Mama wa njia, umerudi?"

"Nimerudi."

"Leo ni ngozi."

"Jana ilikuwa ngozi."

"Jana ilikuwa ngozi mbichi. Leo ni ngozi iliyokwisha kutengenezwa. Mungu akipenda, kesho watafika kwenye viatu."

"Na mimi watanifikia lini?"

"Mbele yako kuna miji miwili inayogombania siku ya soko. Imegombana tangu babu yangu akifungua mlango huu. Keti, mama, utavunjika miguu."

"Nikiketi sitaona."

"Kuna nini cha kuona? Mabwana wanasinzia."

"Basi nitawaangalia wasianguke."

Rob alicheka hadi tarishi mwenye rungu la fedha akageuka kumkemea. Siku ile ile Rob alimletea kipande cha mkate wa shayiri na samaki wa chumvi, akasema ni mabaki, ingawa mkate ulikuwa bado wa moto.

Bethia aliwaza nyumbani. Kila jioni aliposikia mvua kwenye vigae aliuona mto Corran ukipanda, jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Aliwaza kuwa pengine amekosea hesabu kweli, mtoto amekwisha kuja, na Marjory amelala hana mtu wa kumshika mkono. Aliwaza njia ya chini na kitoto cha siku tatu kimefungwa nguo nyeupe, kimebebwa na mtu ambaye mguu wake unatafuta jiwe la sita.

Siku ya nane Mungo alipoteza sauti. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani, akabaki kuongea kama karatasi inayokunjwa. Pingamizi alikuwa ameshaliandika, lakini mkono wake ulitetemeka hata herufi zikalala, kwa hiyo alimpa mnukuzi mmoja wa mtaani alinakili kwa hati nzuri. Mnukuzi alikuwa mtu mzima, mpole, aliyekulia London na kufanya kazi huko miaka ishirini kwa mabwana waliokimbilia kwa Waingereza. Alinakili vizuri sana. Palipoandikwa "Bethia Lorimer, mjane wa Ninian Haldane," akaona ni maneno mengi, akafupisha kama walivyozoea huko alikotoka. Mungo hakuisoma tena. Macho yake yalikuwa yakimtoka machozi kwa homa.

Siku ya tisa, karibu na adhuhuri, karani alisimama mezani akasoma ombi la Bwana wa Pitcorran. Lilikuwa fupi kuliko lile la ngozi. Pitcorran mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la wenye mashamba, mguu juu ya mguu, na wakili wake, Alexander Spens, amesimama nyuma yake na joho jeusi. Karani akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Akapewa karatasi. Akamnong'oneza tarishi. Tarishi akageukia mlango, akapiga rungu chini.

"Bethia Haldane!"

Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyelitamka jina lile kwa sauti. Ninian hakulitamka hata siku anakufa. Marjory alilijua kwa kulisoma kwenye jiwe. Bethia alikuwa tayari na mguu wake, tayari na sarafu, amekwisha kuukata ule uzi kwa meno tangu asubuhi, na sasa vyote vikamwacha. Alichofanya, na baadaye alikiona ni cha ajabu, ni kugeuka nyuma kutazama mlango. Alitazama kwa chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka saba.

"Bethia Haldane, mjane, wa Corran ya Chini!"

"Ni wewe," Mungo alimvuta shuka, sauti haitoki. "Wamekuandika Kiingereza, kwa jina la mumeo. Itika!"

"Si mimi huyo."

"Sema ni wewe! Sema ndiyo tu, mama, basi!"

Kule mbele Spens alikuwa amenyoosha shingo anamtazama. Bethia akaelewa kwamba wakili anamjua, na anangoja. Akisema "ndiyo, mimi ndiye," watamwambia ainue mkono aape kwa Mungu, na Spens atasimama kusema mwanamke huyu ameapa uongo, na karatasi itatupwa, naye atarudi nyumbani amepoteza njia na roho pamoja. Akikaa kimya wataandika hayupo. Tarishi akavuta pumzi. Akapiga rungu mara ya tatu.

"Bethia Haldane!"

"Hayupo!" Bethia alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hayupo, mabwana. Lakini nimekuja mimi."

Waliosinzia wakaamka. Mtu akacheka. Rob Kinnell aliinua kamba ya mlango bila kuambiwa, na Bethia akapita, akaenda hadi kwenye boriti akaishika kwa mikono miwili. Aliona viatu: vya makabaila vina utepe, vya watu wa miji vina matope.

Spens alikwisha kusimama. "Bwana Karani, huyu ni Bethia Lorimer, jirani wa mteja wangu. Namjua kwa sura. Aliyeitwa mara tatu hakuitika, na sisi sote tumesikia akisema hayupo. Naomba iandikwe hivyo, tuendelee."

Karani alikuwa mzee mwenye wino kwenye pua. Aliitazama karatasi, akamtazama Bethia.

"Mama, wewe ni nani?"

"Bethia Lorimer."

"Na Bethia Haldane ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Makaburini, upande wa kaskazini wa kanisa letu. Mto ulimchukua akiwa na miaka saba, mwaka ule njia ya juu ilipofungwa. Aliifunga baba yake huyu Bwana."

Pitcorran aliteremsha mguu. Ukumbini watu walijikuta wakisikiliza bila kupanga.

"Tunampa pole," Spens alisema, na pengine alimaanisha. "Lakini marehemu haleti pingamizi bungeni."

"Haleti," Bethia alijibu. "Wala mimi sikumleta. Mmemwita ninyi."

Karani aliishusha kalamu. Kwenye benchi la miji, mwuza nguo mmoja mzee, aliyekuwa akipiga miayo tangu asubuhi, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Mtoto akiitwa asiweze kufika, mzazi wake humwitikia. Hata wazee wa kanisa hukubali hivyo. Na kuna watu humu hawajala."

Wengine wakaguna kukubali, zaidi kwa chakula kuliko kwa sheria. Karani akamgeukia Mwakilishi wa Mfalme. Yule aliinua kidole kimoja kutoka kwenye mkono wa kiti, akakirudisha. Karani akachovya kalamu, akakata neno, akaandika pembeni huku akitamka: "Bethia Lorimer, mama wa Bethia Haldane." Kisha akauliza, "Unapinga nini? Kwa maneno machache."

"Kufungwa kwa njia ya juu."

"Pitcorran ana haki ya kuzungushia ardhi yake. Unadai njia ya upana gani?"

Hili Mungo hakumfundisha. Aligeuka, mzee alikuwa akifungua na kufumba mdomo bila sauti, kama samaki. Bethia hakujua njia hupimwaje. Alijua imembeba baba yake, Ninian, na mwisho mtoto ambaye jeneza lake mtu mmoja angeweza kulibeba kwapani, lakini wakalibeba wawili kwa heshima.

"Upana wa jeneza na wachukuzi wawili," alisema. "Mmoja huku, mmoja huku."

"Hizo ni hatua ngapi?"

"Andika kama nilivyosema, Bwana. Hatua za watu hazilingani."

"Kwa ajili yako?"

"Yangu, na ya kila anayepeleka mtoto wake kanisani, aliye hai na asiye hai."

Kalamu ilikwaruza. Bethia aliisikiliza mpaka iliponyamaza. Kisha akaufungua mkono wake. Sarafu ilikuwa imelowa jasho na imeacha alama nyekundu kiganjani. Karani hakuinyooshea mkono mara moja. Alimtazama Spens, akatazama pembeni mwa karatasi, akafuta wino puani akauongeza. Halafu akakunjua kiganja. Sarafu ikatua.

"Imeandikwa," karani alisema. "Inayofuata."

Alasiri ile ile ombi la Pitcorran liliguswa kwa fimbo, pamoja na mengine kumi na moja. Bethia aliona kwa macho yake. Lilikubaliwa lote, ukuta na kila kitu. Alitoka hadi uani akaketi juu ya jiwe la kupandia farasi, na kwa mara ya kwanza tangu afike akalia. Hakulia kwa njia. Alikuwa amelitoa jina la mwanawe mbele ya watu wanaongojea chakula.

Mungo alimfuata akiegemea ukuta. "Hukushinda," alisema kwa ile sauti ya karatasi. "Wala hukushindwa. Ana sheria yake. Wewe una neno lako pembeni. Atajenga, hakuna wa kumzuia. Lakini ukuta ukifika kwenye njia utakukuta wewe."

"Na akiupitisha tu?"

"Basi atakuwa amelivunja Bunge lile lile lililompa ukuta. Ni msomi huyo, hawezi kujifanya hajui."

Rob Kinnell alitoka na kitambaa kilichofunga nakala ya karatasi, yenye sahihi ya karani. "Mama wa njia," alisema, akatafuta utani, hakuupata. "Nenda salama. Ukanyage polepole, mvua imenyesha."

Marjory hakuwa amejifungua. Hesabu ilikuwa sawa. Kabla ya mwaka mpya waashi wakaja kutoka mbali, watu wasiomjua mtu, wakaanza ukuta upande wa mashariki. Kila siku Bethia aliupanda mgongo wa kilima kutazama ulipofika. Januari ikaingia na mvua, na mto Corran ukafunika mawe yote tisa. Alhamisi moja Marjory akashikwa, na baada ya usiku mzima akapata mtoto. Mvulana. Mwembamba wa mbavu, mapafu mazima. Akapewa jina la babu yake upande wa baba, kama ilivyo, na Bethia, aliyekuwa amengojea kwa siri jina jingine, akambusu utosini akasema ni jina zuri.

Jumamosi ukuta ulifika njiani.

Bethia alikuwa amesimama pale tangu kupambazuka, karatasi kifuani chini ya shuka. Waashi walipumzisha mikono. Mkubwa wao alisema, "Tuondokee, mama, tunalipwa kwa urefu," naye hakuondoka. Wakatuma mtu. Pitcorran akaja kwa farasi, peke yake, matope hadi magotini. Alikaa juu ya farasi kitambo akiutazama mto kule chini. Ulikuwa ukisikika hadi kilimani.

"Uliniaibisha mbele ya Bunge zima, Bethia."

"Sikukutaja jina, Bwana. Nilimtaja baba yako, na yeye aliijua aibu yake."

Alikunja uso. Kisha akamwambia mkubwa wa waashi, "Nendeni kanisani. Leteni ile machela ya kubebea maiti. Pimeni kwayo. Upana wa jeneza na watu wawili, hata unyayo mmoja zaidi sitaki."

"Hatuhitaji zaidi," Bethia alisema.

Waashi wakaileta machela, mbao nyeusi zilizolainishwa na mikono ya vizazi. Wawili wakasimama kila mmoja upande wake, wa tatu akaweka mawe penye viwiko vyao. Mmoja alikuwa mnene, na mkubwa wao akataka kumbadilisha. Pitcorran, aliyekwisha geuza farasi, alisema bila kutazama nyuma, "Mwache huyo huyo."

Asubuhi yake mvua haikusimama. Kijiji kizima kilipanda njia ya juu, mhunzi na wote walioutazama moto, na kwenye lile pengo la ukutani, mlango usio na komeo, walilazimika kupita wawili wawili. Marjory bado alikuwa kitandani, kwa hiyo mtoto alibebwa na Bethia ndani ya shuka lake. Alipita wa kwanza, akasogea kando, akaupa upepo mgongo. Walipoanza kupita alianza kuhesabu. Haikuwahi kuwa rahisi hivi; hakuna aliyeweza kumpita pembeni wala kujificha nyuma ya mwingine. Mhunzi alipofika akanyanyua kofia. "Tumetimia, Bethia?"

Hakumjibu. Alikuwa bado akitazama pengo, chini kidogo, kwenye kimo cha mtoto, na mhunzi alisimama naye kwenye mvua mpaka alipomaliza.